Labeka Mbili

Mhariri wangu yuko Dar es Salaam na hajawahi kufika Pemba. Ana sauti ya upole, huniita mdogo wangu, na maoni yake huyaweka pembeni mwa mswada kwa rangi nyekundu, machache lakini yenye kuuma. Riwaya niliyompelekea ilikuwa ya wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na mbili, ile miaka ambayo mtu ameshajua kusoma lakini bado watu wazima hawamwambii kitu. Ilihusu wasichana wawili wenye jina moja. Kila walipoitana somo, mhariri aliweka alama, na ya mwisho aliiandikia: "Somo la nini? Hisabati?"

Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikampigia kumweleza. Kwetu watu wawili wenye jina moja ni masomo. Somo yako humwiti kwa jina lake, kwa sababu jina hilo ni lako pia, na mtu hajiiti mwenyewe. Wewe unamwita somo, yeye anakuita somo, mnakwenda hivyo mpaka mmoja amzike mwenziwe. Anayemwita somo yake kwa jina amefanya jambo: ni kama amemkata, hata kama hajasema hivyo.

"Nimeelewa sasa," alisema. "Lakini mtoto wa Dodoma atachanganyikiwa. Wasichana wawili, jina moja, ukurasa mmoja. Mbadilishie mmoja jina."

"Yupi?"

"Yeyote, mdogo wangu. Wewe ndiye mwandishi."

Alikuwa na jambo la pili. "Huyu binti wako halii. Baba ameoa, mama ameondoka, rafiki amemgeuka, na yeye anakula mkate. Watoto watataka alie kidogo."

Nilimwambia nitatazama. Sikumwambia kwamba mkate ule niliula mimi, na kwamba ulikuwa mtamu.

Tulikuwa tukikaa Gombani, nyuma ya uwanja wa mpira. Siku za mechi tulijua goli limeingia kwa kelele zilizopita juu ya bati kama mvua. Somo yangu alikaa nyumba ya jirani. Skuli yetu ilikuwa moja, chuo chetu cha Kurani kimoja, na tulizoea kuvaa ukaya, ule mtandio wa kichwani, uliofanana ili watu wakosee. Mwalimu wa skuli alitutenganisha kwa majina ya baba zetu. Mwalimu wa chuoni hakujisumbua. Alisema tu, "Masomo, njooni hapa," na akimchapa mmoja, mwengine alijishika mgongo. Msichana akiitwa kwetu huitikia labeka. Jina letu likiitwa popote, dukani, uwanjani, msibani, zilitoka labeka mbili kwa pamoja, na watu walicheka, na sisi tulipenda wacheke.

Baba yake somo alikwisha kufa kabla hatujaanza kusoma. Mama yake alikuwa akishona nguo za watoto. Mwaka mmoja baba yangu alianza kupeleka kanzu zake zikatiwe uzi pale kwa jirani. Kanzu za baba hazikuwa zimefumuka. Mama alizipokea zikirudi, akazikunja, akaziweka kabatini bila ya kusema kitu, na mimi nilidhani kwamba mtu akinyamaza jambo halipo.

Baba alimuoa mama yake somo baada ya mfungo. Nilikuwa ukumbini nafanya kazi ya skuli, mlango wa chumba ukiwa wazi nusu.

"Mie si wa kuwekwa wawili," mama alisema. "Nipe changu nende kwetu."

"Hebu fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu kanzu ya kwanza."

Changu ilikuwa talaka yake. Alipewa. Kwao ni Wingwi, kwa hiyo tulikwenda Wingwi, yeye na mimi. Siku tunapakia vitu, somo yangu alikuja na mkate wa kumimina kwenye sahani, umefunikwa kwa kitambaa. Sote tulijua umepikwa jiko gani. Mama aliutazama, akaendelea kufunga kamba. Mimi niliula, nimekaa juu ya godoro ndani ya gari, na somo yangu alisimama chini akisubiri sahani.

"Utakuja likizo?" aliniuliza.

"N'takuja."

"Tutalala chumba kimoja."

"Chumba changu?"

Alifikiri kidogo. "Ndiyo. Chako."

Kumwacha baba hakukunitisha sana. Baba angebaki baba hata angeoa mara ngapi. Niliyemhofia alikuwa yeye. Watu wazima walikuwa wakitwambia kwa furaha kwamba sasa tumekuwa ndugu, kama vile wametupa zawadi, na mimi nilikuwa nawaza kwamba ndugu mtu hamchagui. Somo pia hatukuchaguana, jina lilitukuta nalo, lakini yale mengine yote tulikuwa tumeyachagua wenyewe. Niliogopa kwamba akiwa ndugu yangu hatakuwa tena somo yangu. Sikumwambia mtu. Wingwi kulikuwa na mbuzi wa kufunga, na njia ya kwenda skuli ilikuwa mbovu, na siku zilipita.

Likizo ya kwanza nilikwenda Gombani, ambako somo na mama yake walikuwa wamekwisha kuhamia nyumbani kwetu. Bibi, mama yake baba, alikuwa amehamia pale kwa sababu ya miguu yake, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa ukumbi na kuita watu. Aliita jina letu. Zikatoka labeka mbili, moja jikoni na moja uani, tukakutana mbele yake tukigongana mabega, tukacheka mpaka tukakaa chini.

"Huu mtihani," Bibi alisema. "Nikiita mmoja waja wawili. Nikitaka wawili haji mtu."

Baba alikuwa amekaa akinywa chai. Alisema tutafute namna.

"Namna ipo," Bibi alisema. "Huyu wa hapa abaki na jina lake, maana ndiye wa kila siku. Weye mjukuu wangu n'takwita Wa Wingwi. Wala si vibaya. Masheikh wakubwa wote huitwa kwa miji yao."

Baba alicheka. "Haya sheikh wangu," aliniambia, "nongeze chai."

Skulini tulikuwa tumetenganishwa kwa majina ya baba zetu. Mle ndani baba alikuwa mmoja.

Nilikwenda kumwongezea chai. Nilitia sukari, nikakoroga, nikampa kwa mkono wa kulia. Nimejaribu mara nyingi, kwa ajili ya kitabu, kukumbuka nilihisi nini, kwa sababu msomaji ana haki ya kuuliza. Ninachokumbuka ni ganzi. Mguu ukiukalia sana, unajua ni wako kwa kuuona tu. Kifua changu kilikuwa hivyo. Nilijua kuna kitu pale, nilikiona kikipumua, lakini hakikuwa kikinipa habari yoyote.

Tangu siku ile, jina likiitwa, mdomo wangu ulifunguka kisha ukajifunga. Labeka ilitoka moja. Mama yake somo naye akaanza kuniita Wa Wingwi, kwa upole kabisa, akiniwekea mnofu mkubwa kwenye sahani. Alikuwa mwema kwangu, ningependa niandike hivyo wazi. Usiku, mimi na somo tulilala kitanda kimoja, na yeye aliniita somo, na kwa muda huo nilikuwa na kitu cha kushika.

Kisha ikaja sikukuu. Mama yake alikuwa ametushonea nguo za kitambaa kimoja, kijani kibichi, na mikono yetu ilikuwa na hina mpaka kwenye vifundo, yangu imekwisha kukauka, yake bado mbichi. Wasichana wa mtaani walijaa uani na sahani zao na pesa zao za sikukuu. Walikuwa wamelisikia jina jipya kwa Bibi na lilikuwa tamu mdomoni.

"Wa Wingwi, umetuletea muhogo?"

"Wa Wingwi, mbuzi umewaachia nani leo?"

"Mwacheni, atatusomea dua. Sheikh Wa Wingwi."

Nilicheka nao. Ukicheka nao hawaendelei sana. Baba alipita akaenda msikitini na yeye akasema, "Wa Wingwi, angalia nguo hiyo isichafuke." Nilimwambia ndiyo baba.

Ndipo somo yangu aliposimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameishika mikono yake mbele ili hina isiguse kitu. Alinitazama, akaniita kwa jina. Jina letu, lote, kama linavyoandikwa skuli, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Bibi. Akasema, "Njoo ndani."

Ua wote uligeuka kumtazama. Wale walikuwa watoto wa kwetu, walijua walichokisikia.

"Haa," mmoja akasema, "masomo wameachana."

"Talaka ngapi?"

"Tatu. Hairejewi."

Wakacheka, na mara hii sikucheka nao. Sikuitika labeka. Nilikwenda kwenye mfereji wa maji, nikaufungua, nikanawa mikono ambayo ilikuwa safi. Nilipogeuka hakuwepo mlangoni. Jioni tulikula pamoja, tukalala pamoja, na hatukuitana kitu chochote. Ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Unasema hebu, unasema sogea, unasema taa.

Likizo zilizofuata sikwenda. Baba alipopiga simu nilimwambia nina masomo mengi. Neno lenyewe ndivyo lilivyo, sikulitunga mimi. Mama kila akirudi sokoni alikuwa akiuliza, bila ya kunitazama, "Somo yako hajambo?" na mimi nikajibu hajambo, na hivyo ndivyo tulivyokua. Tulionana kwenye harusi na kwenye misiba. Bibi alipofariki tulikaa mkeka mmoja, tukamsomea, tukapeana maji.

Kwa hiyo mhariri aliposema mbadilishie mmoja jina, yeyote, wewe ndiye mwandishi, nilikaa siku kadhaa nikitazama skrini. Kazi yenyewe ingekuwa ndogo. Kompyuta ingebadilisha kitabu kizima kabla sijameza mate. Rafiki zangu wa kikundi cha waandishi kule Unguja, ambao hubishana mpaka chai ipoe, waliniambia huo ni ufundi tu, nisiufanye msiba. Walikuwa na haki. Lakini sikuweza kukaa peke yangu chumbani nikaamua tena nani abaki na jina na nani apewe jengine. Nilikuwa nimeshaona jambo hilo likiamuliwa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Nikaenda Kiuyu, ambako somo yangu ameolewa na analima mwani. Nilimkuta pwani anageuza mwani uliokuwa ukikauka juu ya nyavu kuukuu, amefunga leso kiunoni, uso ameupaka liwa ya unga wa msandali kukinga jua. Nilitoa salamu. Aliitikia, akanyanyuka, akanitazama vizuri.

"Leo kafa nani?" aliuliza.

"Hajafa mtu."

"Basi kaoa nani?"

"Hajaoa mtu. Nimekuja kukuuliza jambo."

"Jambo la kuulizwa mpaka Kiuyu, na simu zimejaa." Alisukuma ndoo kwa mguu. "Kaa kitako. Si hapo, hapo pana maji. Mwandishi atarudi mjini nguo imemganda."

Nilikaa. Nilimweleza kuna kitabu, cha watoto, na ndani yake wamo wasichana wawili wenye jina moja. Yeye aliendelea kugeuza mwani, safu baada ya safu.

"Huyo mwengine ni mie?"

"Si wewe. Ni mtu kama wewe."

"Basi ni mie. Humo nafanya nini?"

Nilimsimulia. Kanzu za baba alizicheka sana, mpaka akafuta macho kwa mgongo wa kiganja, akasema mama yake mpaka leo akiona kanzu iliyofumuka huona haya. Mkate aliukumbuka. Kiti cha Bibi alikikumbuka, na mguu mmoja wa kiti hicho uliofungwa waya. Nilipofika kwenye sikukuu aliacha kugeuza.

"Umeandika kuwa nilikukata."

"Uliniita jina."

"Nilikwita jina, ndiyo." Alikaa mbele yangu, magoti mchangani. "Nyumba nzima ile hapakuwa na aliyekuwa akikwita jina lako. Bibi, Wa Wingwi. Baba yako, Wa Wingwi. Mama yangu naye. Siku ile na mtaa mzima. Nikasema, nani atamrejeshea? Mie ndiye n'nalo. Nikakupa, tena kwa nguvu, ili wasikie."

Nilitazama mwani. Ulikuwa unabadilika rangi, wa juu umekwisha kuwa kama karatasi, wa chini bado unang'aa. Nilingoja kitu kije. Niliwahi kuandika, kwenye kitabu cha kwanza, kwamba ukweli ukifika moyo hupasuka kama ganda la kungu. Haukupasuka. Ulikuwa pale unapumua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwita, hukuitika. Mtu asiyeitika ningemwambia nini?"

"Walisema talaka tatu."

"Wale? Yule mmoja mpaka leo hajui kuhesabu." Hakucheka. Alichota mchanga, akaumwaga. "Lakini n'takwambia kweli, kwa kuwa waandika. Nilikuwa na hasira na weye pia. Weye ulikuwa na Wingwi. Ukichoka na siye wenda zako kwa mama yako. Mie nyumba ilijaa watu wako, kitanda chako, bibi yako, na jina ambalo kila likiitwa naona umenyamaza kama nimekuibia. Labda nilikwita kwa hasira, kisha nikajiambia ni kwa huruma. Yule mtoto simjui tena. Mengine usiniulize."

Nilimwambia lile lililonileta, kwamba mhariri anataka mmoja abadilishwe jina, nami sikutaka kuamua bila yake.

"Nibadilishe mie," alisema mara moja. "Nimelichoka. Kliniki wakiliita twanyanyuka wanne. Nipe jina la kwenye tamthilia, lenye kung'ata ulimi."

"Hapana."

"Basi jibadilishe weye."

"Nibadilishwe tena?"

Alinyanyuka, akajipangusa mchanga, akarudi kwenye mwani wake, na mimi nilivua viatu nikamsaidia upande wa pili. Alinisahihisha mara mbili tatu, kwamba naurundika. Jua lilipopungua nilisema haya, na yeye akasema haya, na hakuna aliyemwita mwenziwe kitu.

Niliporudi nilifanya jambo ambalo kwa mwandishi ni dogo. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa nafsi ya tatu: alikwenda, alikaa, alikula. Nikakianza upya, nikamfanya yule wa Wingwi asimulie mwenyewe. Anayesema mimi hahitaji jina. Wengine wote wanaweza kumwita wanavyotaka, na jina likabaki la mmoja, la yule mwengine, na mtoto wa Dodoma hatachanganyikiwa. Ilinichukua muda mrefu, kwa sababu kila sentensi ilibidi niifungue na kuifunga. Kuhusu kulia, nilijaribu. Nilimliza ukurasa mzima, vizuri tu, na kamasi. Nikausoma asubuhi, nikaona ni machozi ya mtu mwengine, nikaufuta. Mhariri alisoma, akasema hili la mimi limefanya kazi, na la machozi tutazungumza.

Ile sikukuu nayo niliiandika upya. Msimulizi wangu ana miaka kumi na moja na hajui kwa nini ameitwa. Mimi sasa najua nusu, lakini hiyo nusu sikumpa, maana wakati ule haikuwepo.

Nilimpigia somo yangu kumwambia. Nilisikia upepo kwenye simu yake, na wanawake wakisemezana juu ya kamba zilizokatika.

"Jina limebaki lako," nilisema. "Mie humo nimekuwa mimi tu."

"Huna jina?"

"Sina."

"Na mie nakwitaje humo ndani?"

"Somo."

Mtu alimwita kutoka mbali na yeye akaitikia labeka, mdomo mbali na simu, kisha akarudi.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka ile sikukuu."

"Na baada ya sikukuu?"

"Hakuna baada. Kitabu kinakwisha pale. Anaitwa, haitiki."

"Ah-ah," alisema. "Hapo sipo. Kwisha hapo kwa nini? Mie nilisimama jikoni mpaka hina ikakauka nikikungoja." Upepo ulichukua maneno kidogo. "Maji yanakupwa, n'nakwenda. Ongeza kitu, hata kifupi. Kisha nipigie unisomee."

Hakuniita kwa jina, wala hakuniita somo. Simu ilikatika. Sikuwa nikijua kwamba alingoja.

Nilifungua mswada nikateremka mpaka chini kabisa, pale mfereji unapomwagika na uani wanacheka. Nilikaa hapo kwa muda, mikono mezani. Kifuani hakukuwa na habari mpya. Nikaandika kwamba nilifunga maji, nikajipangusa kwenye nguo ya kijani niliyoambiwa nisiichafue, nikaingia jikoni. Sikujua nitakachosema nikifika, kwa hiyo nilimwacha yeye aanze.